Kijana abadilikapo tabia: Kiini huenda kiko kwenye ini, si akilini

MWANAFUNZI wa kidato cha pili aliyesifiwa kwa mwandiko mzuri anaanza kuandika herufi zilizopindapinda na zisizosomeka. Alama zake zinaporomoka muhula baada ya muhula. Aliyekuwa mpole sasa hugombana na wenzake bwenini, hulia bila sababu na hucheka pasipo na la kuchekesha.

Mwalimu anashuku bangi. Shangazi anashuku kijicho cha majirani. Wazazi wanampeleka kwenye maombi, kisha kwa mganga, na hatimaye katika kliniki ya maradhi ya akili ambako anapewa dawa za kumtuliza. Baada ya wiki chache mikono yake inakakamaa, mate yanamdondoka na ulimi unakuwa mzito. Kila mtu anasema kwamba ni dawa.

Miezi inapita, pengine miaka, kabla ya daktari mmoja kummulika machoni kwa taa maalumu na kuona pete ya rangi ya hudhurungi na kijani ikiuzunguka ukingo wa jicho. Hapo ndipo inapobainika kwamba kijana huyo hakuvuta chochote wala hakurogwa. Ini lake lilishindwa kuondoa madini ya shaba mwilini, na shaba hiyo ikalimbikizana hadi ikafika kwenye ubongo.

Mfano huu si wa mtoto fulani. Ni picha ambayo madaktari wamekuwa wakiieleza kwa zaidi ya karne moja, na ambayo bado huwapiga chenga wengi wao. Ugonjwa wenyewe huitwa Wilson. Ni mmojawapo wa maradhi adimu ya umetaboli ambayo huweza kujitokeza kwa kijana yakiwa yamevaa sura ya ugonjwa wa akili.

Kutofautisha hayo mawili ni jambo la kufa na kupona. Ugonjwa wa Wilson usipotibiwa huua. Ukigunduliwa mapema, mgonjwa huweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa na kuzeeka kama watu wengine.

Umetaboli ni nini?

Umetaboli ni jumla ya shughuli zinazofanyika mwilini ili chakula kigeuzwe kuwa nguvu na viungo vya kuujenga mwili, na takataka zake ziondolewe. Kila hatua ya kazi hiyo husimamiwa na protini maalumu, nyingi zikiwa ni vimeng'enya. Maagizo ya kuziunda protini hizo hubebwa na jeni ambazo mtoto huzirithi kutoka kwa baba na mama.

Jeni ikiwa na hitilafu, protini yake hukosekana au hufanya kazi kwa kusuasua. Matokeo huwa mawili. Ama kitu kilichopaswa kuondolewa hujaa na kugeuka sumu, au kitu ambacho mwili unakihitaji hupungua. Ubongo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia, kwa kuwa hutumia nguvu nyingi na hauvumilii sumu.

Hitilafu kali hujitokeza mtoto akiwa mchanga. Ile iliyo hafifu, au ile ambayo sumu yake hujikusanya polepole, huweza kusubiri hadi kijana anapobaleghe. Kwa bahati mbaya, huo ndio umri ambao magonjwa mengi ya kawaida ya akili pia huanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba walio na umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Idadi kubwa mno ya vijana hao hawana ugonjwa wowote wa umetaboli, na wanahitaji ushauri nasaha na matibabu ya kawaida ya akili.

Hata hivyo, adimu si sawa na kutokuwepo. Ugonjwa wa Wilson hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 30,000 hivi duniani. Iwapo kiwango hicho kingetumiwa kwa Kenya, ambayo sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa na zaidi ya watu milioni 47, hesabu ingefika takriban watu 1,500.

Shaba iliyokosa njia ya kutokea

Shaba ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Hupatikana katika vyakula vingi, hasa maini, chaza, korosho, uyoga na chokoleti. Kwa mtu mwenye afya, shaba ya ziada hupelekwa kwenye ini, ambalo huitoa kupitia nyongo hadi kwenye choo kikubwa.

Mwenye ugonjwa wa Wilson hana njia hiyo. Jeni iitwayo ATP7B, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1993, huwa na kasoro. Shaba hubakia katika ini na kuliunguza polepole. Ini likishindwa kuizuia, humwagika katika damu na kutua kwenye macho, figo na sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo na hisia.

Daktari aliyeupa ugonjwa huu jina lake ni Samuel Alexander Kinnier Wilson, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi jijini London. Mwaka 1912 alichapisha maelezo ya vijana waliotetemeka, wakakakamaa na kubadilika kiakili, ilhali maini yao yalikuwa yamesinyaa na kuwa magumu. Alitambua pia kwamba ugonjwa huo uliwapata watoto wa familia moja.

Pete ya jichoni ilikuwa imeonekana miaka kumi kabla ya hapo na madaktari wawili wa Ujerumani, Bernhard Kayser mwaka 1902 na Bruno Fleischer mwaka 1903. Hadi leo hujulikana kwa majina yao. Ilichukua hadi mwaka 1948 kwa John Cumings wa London kuonyesha kwamba maini na bongo za wagonjwa hao zilijaa shaba.

Tangu hapo matibabu hayakukawia. Mwaka 1951 wagonjwa walianza kudungwa dawa iliyokuwa imebuniwa kukabiliana na gesi ya sumu ya kivita. Mwaka 1956 John Walshe wa Uingereza alitangaza kwamba dawa ya kumeza, penisilamini, huifunga shaba na kuitoa kwa mkojo. Baadaye zikaja trientini na zinki. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa na tiba.

Kwa nini hukosewa?

Sababu ya kwanza ni kwamba dalili za akili huweza kutangulia zile za mwili. Kijana huwa na hasira za ghafla, huzuni nzito, uzembe wa masomo au vitendo visivyo na haya. Wengine husikia sauti au huona maluweluwe. Hayo yote hupatikana pia katika skizofrenia, katika sonona na hata katika utundu wa kawaida wa ujana.

Sababu ya pili ni dawa zenyewe. Dawa nyingi za kutuliza akili huweza kumfanya mtu akakamae na kutetemeka. Mgonjwa wa Wilson huathirika nazo zaidi kuliko wengine. Anapoanza kutetemeka, daktari huona madhara ya dawa wala haoni ugonjwa uliokuwa umejificha.

Sababu ya tatu ni faili. Kijana akishaandikiwa jina la ugonjwa wa akili, kila linalomtokea baadaye huelezwa kwa jina hilo. Akianguka, ni akili. Akikataa kula, ni akili. Tumbo likimuuma, ni akili. Madaktari waliopitia visa vilivyochapishwa vya Wilson vilivyoanza kwa dalili za akili waligundua kwamba, kwa wastani, ilichukua zaidi ya miaka miwili kabla ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa.

Isitoshe, huduma za akili kwa miaka mingi zimetolewa kando na huduma nyingine za afya. Anayetibu akili hana kliniki ya macho chumba cha pili, na anayetibu ini haulizi kuhusu mwandiko wala hasira. Ugonjwa unaogusa ini, jicho na akili kwa pamoja hupotea katikati yao.

Vipimo visivyohitaji mitambo ya ajabu

Jambo la kutia moyo ni kwamba safari ya kuutafuta ugonjwa huu huanza kwa vipimo vya kawaida. Cha kwanza ni kupimwa macho na daktari wa macho kwa taa yenye mwanga mwembamba na darubini. Takriban asilimia 95 ya wagonjwa ambao Wilson imekwisha kuathiri ubongo wao huwa na pete hiyo. Kwa wale ambao ini pekee ndilo limeathirika, pete hupatikana kwa karibu nusu yao, hivyo kutokuwepo kwake hakumtoi mtu katika shaka.

Cha pili ni damu. Maabara hupima jinsi ini linavyofanya kazi na kiwango cha seruloplasmini, protini inayobeba shaba katika damu. Kiwango cha kawaida ni kati ya miligramu 20 na 40 katika kila desilita. Kikiwa chini ya 10, shaka huwa kubwa sana. Lakini uvimbe wowote mwilini, mimba au vidonge vya kupanga uzazi huweza kukipandisha na kumdanganya daktari.

Cha tatu ni mkojo wa saa 24, unaokusanywa wote katika chombo kisicho na chembechembe za shaba. Shaba inayozidi maikrogramu 100 kwa siku ni ishara nzito. Kwa watoto madaktari wengi huanza kushuku inapozidi 40. Panapobakia utata, hufanywa picha ya ubongo ya MRI, kipimo cha jeni, au kipande kidogo cha ini hutolewa na kupimwa shaba.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake. Daktari hujumlisha matokeo pamoja na anachokiona kwa mgonjwa, kisha huamua.

Si Wilson peke yake

Maradhi mengine ya jamii hii ni adimu zaidi, lakini nayo huacha nyayo.

Pofiria ya ghafla huwashika zaidi wasichana baada ya kuvunja ungo. Huanza kwa maumivu makali ya tumbo ambayo daktari akilibonyeza haoni sababu yake, kisha hufuata wasiwasi, kukosa usingizi na kuona maluweluwe. Mkojo ukiachwa katika mwanga huweza kugeuka mwekundu au wa rangi ya mvinyo. Kipimo chake ni cha mkojo unaochukuliwa wakati mgonjwa angali katika maumivu.

Bara la Afrika lina historia yake katika ugonjwa huu. Daktari Geoffrey Dean, aliyefanya kazi Port Elizabeth nchini Afrika Kusini, mji ambao tangu 2021 huitwa Gqeberha, alifuatilia nasaba za wagonjwa wa aina mojawapo ya pofiria hadi akafika kwa mume na mke Waholanzi waliofunga ndoa Rasi mwaka 1688. Wengi wa wazao wao waliishi bila taabu kwa vizazi kadhaa. Hatari ilikuja na dawa za kisasa, hasa zile za usingizi za jamii ya babitureti, ambazo ziliwasha moto uliokuwa umelala.

Ugonjwa mwingine ni wa mwili kushindwa kuondoa amonia, sumu inayotokana na protini. Aina iitwayo OTC huwaathiri wavulana wakiwa wachanga mara nyingi, lakini msichana mwenye jeni moja nzuri na moja mbovu huweza kufika ujanani bila kugunduliwa. Msichana wa namna hii mara nyingi huchukia nyama tangu utotoni bila kujua sababu. Akila nyama nyingi, akiugua homa, akikaa na njaa au akipewa dawa ya kifafa iitwayo valproeti, huanza kutapika, kuchanganyikiwa na kuwa mkali, kisha husinzia. Kipimo cha amonia ni rahisi, mradi damu iwekwe kwenye barafu na ifikishwe maabara upesi.

Kuna pia homosistinuria. Kijana huwa mrefu na mwembamba, ana vidole virefu, haoni mbali, na lenzi ya jicho lake huweza kuteleza kutoka mahali pake. Huwa katika hatari ya damu kuganda mishipani. Karibu nusu ya wagonjwa hupata nafuu kwa kutumia vitamini B6 kwa kiwango kikubwa chini ya uangalizi wa daktari.

Katika ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, kijana hushindwa kuyapeleka macho juu au chini kwa haraka, hupepesuka, na huweza kuishiwa nguvu na kuanguka anapocheka. Dawa ya miglustati iliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 kwa ugonjwa huu, na mnamo Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa nyingine mbili. Haziuponyi, ila hulenga kupunguza kasi au makali yake.

Ishara za kuangaliwa

Hakuna anayetarajia kila kijana mwenye huzuni apimwe shaba na amonia. Kabla ya kufikiria maradhi adimu, daktari huondoa yale ya kawaida: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, Virusi vya Ukimwi, kaswende, kifafa, matatizo ya tezi ya shingoni na dawa za kulevya.

Lakini zipo ishara ambazo, zikiambatana na dalili za akili, humlazimu daktari asonge mbele. Ya kwanza ni kijana kupoteza alichokuwa anakimudu, kama vile mwandiko, hesabu au kufunga vifungo vya shati. Ya pili ni dalili za mwili: kutetemeka, kudondokwa na mate, kupepesuka, macho kuwa ya manjano, tumbo kuvimba au degedege.

Ya tatu ni kuchanganyikiwa kunakokuja na kuondoka, hasa baada ya homa, upasuaji, mlo wenye nyama nyingi au dawa mpya. Ya nne ni dawa za akili kutomsaidia, au kumzidishia ugonjwa kupita kiasi. Ya tano ni historia ya ukoo: ndugu aliyekufa kwa ini akiwa mdogo, jamaa mwenye dalili zinazofanana, au wazazi wenye uhusiano wa damu. Ndoa za binamu, ambazo baadhi ya jamii huziruhusu, huongeza uwezekano wa mtoto kurithi jeni mbovu kutoka pande zote mbili.

Kufunga kwa siku kadhaa nako kunahitaji tahadhari. Familia nyingi humkazania kijana mgonjwa afunge huku akiombewa. Maombi hayamdhuru mtu. Njaa, hata hivyo, ni miongoni mwa mambo yanayochochea pofiria na kupandisha amonia. Kijana aliyechanganyikiwa asinyimwe chakula kabla ya kupimwa.

La kufanya

Mzazi anayeziona ishara hizi ana haki ya kumuuliza daktari maswali matatu yaliyo wazi. Je, ini la mtoto huyu limepimwa? Je, macho yake yameangaliwa na mtaalamu? Je, kuna ugonjwa wa mwili unaoweza kueleza haya yote kwa pamoja?

Ni vyema aende na ushahidi. Daftari la kidato cha kwanza likiwekwa kando ya lile la sasa humwonyesha daktari jambo ambalo maelezo ya nusu saa hayawezi kulionyesha. Orodha ya dawa zote alizowahi kupewa kijana, zikiwemo za mitishamba, pamoja na tarehe dalili zilipozidi, ni ya thamani hiyohiyo.

Vipimo vya mwanzo huweza kufanywa au kupangwa kupitia hospitali kubwa. Vile vya jeni mara nyingine hulazimu sampuli kupelekwa ng'ambo na gharama yake si ndogo, ndiyo maana vya mwanzo havipaswi kurukwa.

Jambo moja halipaswi kufanywa: kuzikatiza dawa za akili nyumbani kwa shaka tu. Kuziacha ghafla huweza kuleta balaa jingine. Vivyo hivyo, mtu asijinunulie vidonge vya zinki dukani na kujitibu. Hata penisilamini, iliyookoa maisha ya wengi, huweza kuzidisha dalili za ubongo mwanzoni kwa baadhi ya wagonjwa. Ndiyo sababu huanzishwa kidogo kidogo na kufuatiliwa kwa vipimo.

Matibabu ya Wilson ni ya maisha yote. Aliyepata nafuu na kuacha dawa kwa kuona amepona huweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kadhalika, kilichokwisha haribika ubongoni hakirudi chote. Mwaka mmoja wa kuchelewa huweza kuwa ndio tofauti kati ya kijana atakayerudi darasani na yule atakayelishwa kwa kijiko.

Zaidi ya hayo, uchunguzi haumwishii mgonjwa aliyelala kitandani. Mtoto anapopatikana na ugonjwa wa Wilson, kila ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa nao pia, hata kama anacheza mpira vizuri na kuongoza darasa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na familia inayoficha ugonjwa wa mtoto wa kwanza kwa kuona haya huenda inamnyima wa pili nafasi ya kupimwa.

Ndugu huyo akipimwa sasa na kuanza dawa kabla ya dalili kujitokeza, shaba haitafika kwenye ubongo wake. Mwandiko wake utabaki ulivyo.